Majani Yasiyotaka Kuguswa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na mimi nimeanza kuandika. Zamani mambo ya moyoni ningemwambia Dada tukiwa tunaosha vyombo. Siku hizi Dada anaosha vyombo huku akili yake iko kwingine. Jana nilimwambia bomba la jirani limepasuka, akajibu, "Vizuri."

Chanzo ni mtu mmoja. Taasisi imemwajiri fundi wa kamera, mwanamume wa makamo, mgane, aliyekuja na hadubini inayopiga picha za video ndani ya jani. Kazini wameshambandika jina, wanamwita Lenzi. Wakati wa chakula cha jioni Dada alilitaja jina hilo mpaka hamu ikaniisha.

Nikizeeka nikasoma haya nitataka kukumbuka tulivyokuwa, kwa hiyo niandike. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Dada alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuoni, akanichukua na madaftari yangu na kunilea katika chumba kimoja. Sasa yeye ni mtafiti wa mimea, mimi ni mchoraji wa taasisi hiyohiyo, na nyumba ni yetu wawili. Yeye anaeleza, mimi nachora. Hajaolewa, nami sijaolewa. Hatujawahi kuliona hilo kama tatizo.

Jumamosi, 9 Machi

Lenzi alikuja kula kwetu. Dada alivaa hereni.

Nilidhani ni mtu wa maneno mengi, kumbe ni mkimya, na hilo limenikera zaidi, maana mtu mkimya huna pa kumshikia kosa. Alisimama muda mrefu mbele ya michoro yangu ukutani. Kisha akaniuliza kama nilichora nikiliangalia jani au kwa kukumbuka. Nikamjibu kwamba mimi huchora ninachoelezwa na dada yangu. Akatikisa kichwa tu, kama daktari aliyesikia dalili aliyokuwa akiitarajia.

Alipoondoka, Dada alimsindikiza mpaka getini akiwa na mwavuli wetu. Mwavuli wetu ni mdogo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Dada amerudi kwa kuchelewa na ameshakula.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeiona hiyo video. Dada alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa kuonyeshwa treni, akaniketisha mbele ya skrini katika chumba cha giza.

Mimea yenyewe ni midogo, ya jamii ya haradali, majani yamejipanga kwa duara kama sahani. Wameizalisha kwa namna ya pekee, ili chembe zake zing'ae kila kalsiamu inapoingia ndani yake. Lenzi alimweka kiwavi juu ya jani moja. Kiwavi akatembea, akachagua, akauma. Pale alipouma chembe zilipasuka, maji yake yakamwagika, na chembe za jirani zikayaonja. Dada alininong'oneza kwamba humo mna kitu kilekile kinachotiwa kwenye supu za pakiti ili zinoge. Chembe ikikionja inafungua milango yake, kalsiamu inaingia, inang'aa, inaishtua inayofuata. Mwanga ukatoka kwenye jeraha, ukaufuata mshipa wa jani, ukateremka hadi katikati ya mmea, halafu ukapanda kwenye jani jingine la upande wa pili ambalo hakuna aliyeligusa. Jani hilo nalo likawaka. Tangu hapo lilianza kujitengenezea uchungu, kiwavi akifika asilipende.

Mmea hauna ubongo wala neva, ila jani moja likiumwa, jingine linajua.

Nimeyachora mambo hayo miaka tisa. Nimechora mishale myekundu kutoka jani hadi jani, Dada akinieleza taratibu, mimi nikiuliza. Leo yamepita mbele ya macho yangu kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, na aliyeyaonyesha si mimi. Dada aligeuka, uso wake ukiwa na mwanga wa skrini. Alimgeukia Lenzi kwanza, halafu mimi.

Mkono wa Lenzi ulikuwa umeegemea mgongo wa kiti cha Dada. Ulikuwa kwenye kiti tu, lakini niliuangalia mkono ule kuliko nilivyoliangalia jani.

Jumanne, 19 Machi

Shangazi amepiga simu. Habari zimeshamfikia, sijui kwa njia gani. Huyu mama angeajiriwa na taasisi, kamera isingehitajika. Aliniuliza kama huyo bwana ana heshima. Nikamwambia heshima anayo. Akaniuliza kwa nini basi nasema kama mtu mwenye jipu. Nikasema mvua inapiga bati, sisikii vizuri.

Jumatatu, 25 Machi

Mkurugenzi ameniita asubuhi. Kitabu kipya cha wakulima hakitakuwa na michoro. Kitakuwa na picha zilizokatwa kwenye video za Lenzi. Alisema kwa upole sana, akanisifu, akanipa kiti, nikajua mambo yameharibika kabla hajamaliza sentensi. Nitapewa kazi za vibao vya milangoni na kadi za mialiko.

Nikamuuliza nani alikuwa kwenye kikao. Akawataja. Dada alikuwemo.

Jioni Dada alikula, akasema maharage yameiva vizuri, akaenda kulala. Kuhusu kikao hakutamka neno.

Alhamisi, 28 Machi

Nina ufunguo wa chumba cha mimea. Nilipewa zamani kwa sababu hupenda kuchora mapema kabla watu hawajajaa. Mlangoni pana karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa Dada: TAFADHALI USIGUSE MAJANI. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha sababu. Kwa mmea, kuguswa ni habari. Ukilipapasa jani, chembe zake zinashtuka na kupelekeana ishara kana kwamba mdudu ametua, na mmea uliokwisha kushtuka haushtuki tena vizuri kwa muda. Ukiupiga picha wakati huo utaona mwanga hafifu, au usione kitu.

Leo niliingia mapema. Trei ya kupigwa picha ilikuwa imeshatengwa karibu na mlango. Nilisimama tu. Taa zilikuwa zinavuma. Nilimfikiria Dada akigeuza uso wake ule wenye mwanga.

Nikapitisha mgongo wa kidole juu ya majani, mmea mmoja mmoja, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Sikuchana wala kuvunja hata jani moja. Nikafunga mlango.

Ijumaa, 29 Machi

Nimegusa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa, barabara ya sokoni imejaa maji. Nimegusa.

Alhamisi, 4 Aprili

Nina mafua. Nilikwenda hivyohivyo.

Jumatatu, 8 Aprili

Video zimeharibika. Wiki nzima mwanga unatoka kwenye jeraha, unakwenda kidogo, unazimika njiani. Mara nyingine hautoki kabisa. Wageni wanaofadhili utafiti wanakuja mwezi ujao, na wamesema wazi kwamba wanataka kuliona jambo lenyewe kwa macho yao, la sivyo wataelekeza fedha zao kwingine.

Dada alinisimulia haya jikoni, amekaa kwenye kigoda, viatu vimelowa. Anahisi Lenzi anaweka taa karibu mno, au anaitikisa meza anapomweka kiwavi. Amemwambia hivyo, naye amekasirika. Hawakula pamoja mchana.

Nilimpikia chai. Nikamvua viatu, nikaviweka karibu na jiko vikauke. Alinishika bega akasema, "Bora nina wewe." Usiku huu najua nitalala usingizi ambao sijaulala tangu mvua ianze.

Ijumaa, 12 Aprili

Dada amerudi mapema siku zote nne hizi. Jana alinisuka nywele, tukacheka habari za Shangazi hadi machozi. Hereni amezirudisha kwenye kikopo.

Nimegusa asubuhi. Sasa nafanya bila kuwaza, kama kufagia.

Alhamisi, 18 Aprili

Lenzi alikuja nyumbani mchana, nikiwa peke yangu. Alilowa chapachapa, akakataa taulo, akabaki kizingitini asije akachafua sakafu. Nikamlazimisha aingie.

Hakuwa amekuja kwa ajili ya Dada. Alikuja kwangu. Alisema anaomba nimsaidie. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa nakala za michoro yangu ya zamani, zimejaa alama za penseli. Tangu siku ya kwanza amekuwa akiitumia. Katika mmea huo majani hayaunganishwi ovyo. Kila jani mshipa wake umeshikamana na majani fulani tu, na mimi nilikuwa nimeichora mishipa hiyo yote. Kwa michoro hiyo ndivyo anavyojua aelekeze kamera kwenye jani lipi anapomweka kiwavi kwenye jani jingine. Sasa alitaka kujua kama kuna mahali nilikosea, maana kama kosa haliko kwenye michoro, basi liko kwake.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilihisi moto umenipanda kifuani. Kumbe hata mishipa yangu ameshaichukua. Kazi yangu, kiti changu, na sasa penseli yangu.

Nikamwambia sikukosea mahali popote.

Akakunja karatasi zake taratibu. "Basi nitawaachia wampate mwingine kabla wageni hawajafika," alisema. "Dada yako hajanigombeza mbele ya watu hata siku moja. Ananitetea. Hilo ndilo nashindwa kulivumilia."

Nilimwona akivuka barabara, viatu mkononi. Nilijiambia nimeshinda. Nikajiambia tena.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikugusa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimegusa. Sijui kwa nini. Dada alikuwa amemtaja wakati wa kunywa chai.

Jumanne, 23 Aprili

Niandike lote, maana kesho nitajaribu kulipunguza.

Dada alirudi saa ya kawaida. Hakuvua viatu. Aliweka trei mbili za mimea juu ya meza ninayochorea, moja huku na moja kule, akaniita. Zilipandwa siku moja, udongo mmoja, maji yaleyale. Trei ya kushoto mimea yake ilikuwa imechanua majani mapana na vishina vimeanza kupanda. Ya kulia ilikuwa imejikunyata, majani mafupi, mazito, haina hata dalili ya ua.

"Unaona nini?" akauliza.

Nilisema moja imedumaa.

"Mmea unaoguswaguswa kila siku hudumaa. Unadhani upo mahali pa hatari, unaacha kukua, unajilinda." Alikuwa anasema kwa sauti yake ya kunifundisha, ileile ya miaka yote. "Kuna funguo tatu. Mimi nafika saa mbili. Lenzi anafika saa tatu, na akija mimi nipo. Niambie kwamba nimekosea."

Mvua ilikuwa imekatika. Laiti ingekuwa inapiga bati, ningesema sijasikia.

"Hukukosea," nikasema.

Alikaa. Alikaa kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima akitumaini kuambiwa si wake. Aliniuliza kwa nini. Nilikuwa na majibu mengi niliyokwisha kuyapanga kichwani, na yote yakanitoroka, likabaki moja.

"Walipoitupa michoro yangu ulikuwepo. Hukufungua mdomo."

Nilitegemea aseme alinitetea wakamshinda. Au aseme alisahau, au aliogopa. Dada hajui kudanganya, na hadi jana sikujua kwamba hilo linaweza kuumiza hivi.

"Nilinyamaza kwa sababu nilikubaliana nao," alisema. "Mkulima akiiona video anaelewa papo hapo. Akiuona mshale mwekundu anauliza huu ni mshale wa nini. Nililijua hilo, na sikuwa na moyo wa kukwambia. Hapo nimekukosea. Lakini wewe umemfanyia ubaya mtu asiyekukosea."

Nikasema Lenzi ananichukulia kila kitu. Nikasema anamchukua na yeye Dada pia. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima, nikamuuliza mimi nitabaki na nani.

Dada hakunikumbatia. Nadhani alitaka, maana mkono wake ulitoka mezani ukarudi.

"Nimekulea tangu una miaka kumi na mmoja, mdogo wangu. Sasa una thelathini na tisa. Nitakulea mpaka lini?"

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea ufunguo. Akasema kesho nitamwambia Lenzi mimi mwenyewe, yeye hatanisemea.

Jumatano, 24 Aprili

Nilimkuta nyuma ya jengo, anafuta vioo vya kamera kwa kitambaa cheupe. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

Aliendelea kufuta. Akauliza kama ilikuwa kila siku. Nikasema karibu kila siku. Ndipo akaiweka kamera chini na kunionyesha mikono yake, viganja juu.

"Baba yangu alikuwa fundi saa. Mikono ilianza kumtetemeka, akaacha kazi akiwa na umri kama wangu. Mimi wiki iliyopita nimekwenda hospitali kupimwa hii. Nimekaa kwenye benchi siku nzima nikisubiri kuambiwa nimekwisha."

Nilisema samahani. Akasema ameisikia. Hakusema imepokelewa. Kisha akachukua kitambaa chake akaingia ndani, na mimi nikabaki nimesimama hapo kama mtu aliyemwagiwa maji.

Nilikwenda kwa mkurugenzi nikamwambia pia, nikaacha kazi kabla hajaniachisha. Hakunipa kiti.

Jumanne, 30 Aprili

Wamepanda upya. Nyumbani tunasalimiana asubuhi na jioni. Katikati hakuna kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata kazi. Nyuma ya soko kuna karakana ya kudarizi, wanadarizi vitambaa vya meza, mashuka na nembo za sare za shule. Mwenyewe ni mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, mtaa mzima unamwita Mdarizi. Aliniambia nichore jani. Nikachora. Akaishika karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akasema, "Hili hata mbuzi atalitambua." Nianze kesho.

Aliuliza mbona nina sura ya msiba. Nikamwambia nimegombana na dada yangu. Akasema yeye aligombana na wake kwa ajili ya kabati, hawakusemeshana hadi kabati likaliwa na mchwa.

Jumanne, 14 Mei

Mvua zinapungua. Dada amevaa hereni leo. Niliziona, roho ikaniuma palepale inapouma siku zote, nikamwambia zimempendeza. Zimempendeza kweli. Maneno yalitoka makavu, lakini yalitoka. Alisimama mlangoni kidogo kabla ya kwenda.

Jumatano, 22 Mei

Wageni wamekuja, wameona. Dada alinisimulia mwenyewe, amekaa kigodani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kiwavi aliuma, mwanga ukashuka, ukapanda jani la pili na la tatu, na mgeni mmoja mzee akaomba irudiwe tena na tena. Utafiti utaendelea. Lenzi aliwaambia wageni kwamba njia za mishipa alizipata kwenye michoro, akalitaja jina langu.

Nikamuuliza kama Lenzi amenisamehe.

"Bado," alisema Dada. "Lakini si mtu wa kuficha kazi ya mtu."

Nilitaka kumchukia kwa hilo pia, nikakosa pa kuanzia.

Halafu akaniambia yeye na Lenzi wameafikiana kuoana, mwisho wa mwaka. Alisema akiangalia vidole vyake. Nikajikaza, nikamwambia Shangazi atapasua simu kwa furaha. Dada alicheka, na katikati ya kicheko akalia. Nikamsogelea, na safari hii mkono wake haukurudi.

Jumapili, 26 Mei

Nimehama. Nyuma ya karakana kuna chumba chenye dirisha kubwa, Mdarizi amenikodisha. Dada alisema hakuna aliyenifukuza. Nikamwambia najua. Nikiwepo nitahesabu kila mara anapomtazama, na najijua.

Meza ya kuchorea ilikataa kuingia mlangoni. Tuliilaza, tukaisimamisha, tukaitoa miguu.

Jumapili, 2 Juni

Jua kali, la kwanza baada ya muda mrefu. Mdarizi na binti zake wawili walinijia chumbani na sufuria yao. Tulikula chini kwa sababu nina kiti kimoja tu. Mdarizi alikuwa anaiga jinsi mteja alivyorudisha shuka akidai tausi tuliyemdarizi anamkodolea macho usiku. Alikuwa amesimama, anatembea kama tausi. Nilicheka nikamwangukia binti yake mmoja begani.

Nilipoinua uso, Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja na taa yangu ya mezani niliyoisahau, ameikumbatia kifuani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alimtazama Mdarizi, akautazama mkono wangu uliokuwa kwenye bega la yule binti, akaitazama sufuria. Alitabasamu kwa mdomo tu.

"Sikujua una wageni," alisema. "Nitakuja siku nyingine."

Uso ule niliutambua mara moja. Nimekaa nao masika nzima, najua usiku wake ulivyo mrefu. Sikudhani kama Dada naye anao.

Niliinuka nikaipokea taa. Nikamshika mkono, nikamvuta ndani, nikamwambia avue viatu, akae hapa upande wangu, chakula bado kipo.